Nimesoma

Jumapili, 18 Mei

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua hii niliianza Ijumaa, kwa hiyo usiniulize kwa nini ni fupi. Kanda zako mbili zimefika salama. Ya pili imekwaruzika kidogo, na kuanzia sura ya nne unasikika kama mtu anayesoma huku anasukutua maji, lakini nimekuelewa. Nimeisikiliza mara tano nikipiga pasi. Kesho kesho naingia darasani na sura nzima kichawni, kitabu mkononi kwa ajili ya heshima tu.

Tangu uhamishiwe huko nimejifunza kujitegemea kuliko unavyodhani. Saba B wako arobaini na mmoja na majina yote ninayo. Daftari la mahudhurio nalifungua, ila naita nikitazama nyuso. Ubaoni siandiki. Kila siku mwanafunzi mmoja anakuwa "mkono wa darasa": mimi nasema, yeye anaandika, wenzake wanamsahihisha. Mkaguzi aliyepita mwaka jana aliipenda mbinu hiyo akainakili kwenye daftari lake. Nilijikaza nisicheke.

Historia naifundisha kwa kesi. Wiki hii nusu ya darasa walikuwa wakulima waliokataa kodi ya nafaka, nusu watoza kodi. Kuna binti mmoja, mtoto wa msusi wa pale karibu na kituo cha mafuta, nimempa jina Wakili na sasa hata wenzake hawamwiti vingine. Aliwatetea wakulima mpaka watoza kodi wakaanza kugombana wao kwa wao. Lakini mpe kalamu uone. Mabega yanapanda, ulimi unatoka nje, na baada ya nusu saa ana mstari mmoja ambao hata yeye hawezi kuusoma. Ikikaribia zamu yake ya kusoma kwa sauti anaomba ruhusa ya chooni. Dada, unakumbuka maji niliyokuwa nakunywa shuleni ili niwe na sababu ya kweli?

Nimemwambia asijali. Kwangu anajibu kwa mdomo. Daftari lake lina kurasa sita tangu mwaka uanze, nne ni ramani.

Kinachoninyima raha ni Mwalimu Mkuu mpya. Mama huyu anapenda karatasi. Kila jambo kwa maandishi, kila kikao mtu asome sehemu yake. Juzi nilijifanya nimekaukiwa na sauti, mwalimu wa hisabati akanisomea. Alipomaliza alinitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Mdogo wako

*

Jumapili, 25 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwa sauti mezani peke yangu nikacheka kama mwehu. Hata hivyo umeandika "kichawni" badala ya "kichwani", na "kesho" umeiandika mara mbili. Nimeona pia ulivyofuta. Usifute kwa nguvu, karatasi inatoboka.

Sasa nisikilize. Huyo mwalimu wa hisabati, kaa naye mbali kidogo. Usimnunie, ila usimzoee. Na Mwalimu Mkuu akikupa karatasi yoyote, sema miwani umeiacha nyumbani, ichukue, itume kwangu. Nilikufundisha hilo tangu ukiwa chuo.

Kuhusu huyo Wakili, moyo wako naujua. Lakini wewe siyo mtu wa kusimama karibu na mtoto mwenye shida hiyo. Watu wakiwatazama mkiwa pamoja watajumlisha. Mwachie mwalimu wa lugha.

Nakutumia kanda ya sura ya saba. Safari hii nimesukutua kabla.

Dada yako

*

Jumatatu, 9 Juni

Dada,

Leo sinakili upya, utanivumilia. Nimetia sahihi karatasi amdayo sikuisoma. Mama yake Wakili amekuja shule na darua mkononi. Wakili hatafanya mtihani. Watoto tisa hawatafanya. Kwenye darua kuna jina lagu. Wanasema mimi ndiye niliyewaondoa. Niambie nifaye nini.

Mdogo wako

*

Jumatano, 11 Juni

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, mkoba bado begani. Hujaandika "darua" tangu ukiwa na miaka kumi na mitatu. Hapo ndipo nilipojua umeshikwa na hofu kiasi gani.

Tulia. Ule, ulale. Kisha niandikie hatua kwa hatua: nani alikupa karatasi, nani alikuwapo, ulisema maneno gani. Yale yale, usiyapambe. Na usiongee na mtu yeyote kabla sijakujibu. Yeyote.

Dada yako

*

Jumamosi, 14 Juni

Dada,

Ilikuwa Jumanne, tarehe tatu. Niliitwa ofisini katikati ya kipindi. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama, karani wa shule yuko mlangoni, mwalimu wa hisabati ameketi karibu na dirisha. Nje pikipiki ya tarishi inaunguruma.

"Hii hapa," akasema Mwalimu Mkuu. "Soma vizuri, halafu utie sahihi. Lazima ifike ofisi ya elimu leo."

Kurasa mbili, herufi ndogo, mistari imebanana. Miwani ilikuwa imening'inia shingoni, kwa hiyo uongo wa miwani ukafia hapo. Unaijua hesabu yangu. Mtu wa kawaida namhesabia arobaini kwa ukurasa. Nikashusha macho taratibu, nikahesabu arobaini, nikageuza, nikahesabu arobaini nyingine. Katikati nikatikisa kichwa kidogo kama mtu aliyekutana na jambo la maana. Niliokota neno "mtihani", nikaokota "Saba B", nikaona tarakimu. Nikadhani ni ile fomu ya idadi ya watahiniwa tuliyoambiwa kikaoni.

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Huna la kuongeza?"

"Hapana, iko sawa."

Iko sawa. Ndivyo nilivyosema, dada, sijapamba.

Jumatatu mama yake Wakili akaja akitoka kazini, vidole bado vinang'aa mafuta ya nywele. Hakunisalimu. Aliweka barua ya shule juu ya meza yangu, mbele ya darasa zima, akaweka kidole kwenye jina langu. "Mwanangu kila siku mwalimu wetu kasema hivi, mwalimu wetu kasema vile. Kumbe ni wewe?"

Nikasema, "Mama, hapa kuna makosa."

"Basi nisomee hapo penye makosa."

Nikajaribu. Herufi zikaanza kuhama kama kawaida yake nikiwa natazamwa. Nikaweka kidole chini ya mstari bila kujua kama nimekiweka. Wakili alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Alikitazama kile kidole kinavyotambaa, akanitazama usoni. Akainamisha kichwa. Mtoto yule ameelewa, dada. Watu wazima wote wa shule hii sijui kama wameelewa, lakini yeye ameelewa.

Baadaye nilijifungia kwa saa moja na nakala ya karatasi niliyotia sahihi. Inasema: "Mimi, mwalimu wa darasa, nimewapima wanafunzi hawa mmoja mmoja kwa kuwasomesha, na nimeridhika kwamba hawana uwezo wa kufanya mtihani wa kumaliza." Sikumpima hata mmoja. Watoto wanasema aliyewapima ni mwalimu wa hisabati, alipotumwa na Mwalimu Mkuu, siku niliyokuwa na Sita A uwanjani.

Orodha ya mwisho inafungwa tarehe thelathini.

Mdogo wako

*

Jumanne, 17 Juni

Mdogo wangu,

Nimefikiria siku mbili. Fanya hivi. Mwandikie Mwalimu Mkuu barua fupi, mistari mitatu, nimekuandikia mfano nyuma ya karatasi hii; inakili herufi kwa herufi. Unasema umetafakari upya na unaomba wanafunzi tisa warudishwe. Hapo ndipo unapokomea. Usitoe sababu. Ukiulizwa, sema ni huruma ya mwalimu.

Na usithubutu kusema hukuisoma. Watu hawatasema "mwalimu anasoma polepole". Watasema "mwalimu hajui kusoma", na habari hiyo itafika sokoni kabla yako. Miaka tisa ya kazi itafutika kwa siku moja. Halafu wataanza kufukua. Wataomba faili lako la chuo, watafungua karatasi ambazo hata wewe huzijui. Niamini, mimi nafanya kazi na mafaili.

Akikataa, basi. Watoto watarudia mwaka. Kurudia mwaka si kufa.

Dada yako

*

Alhamisi, 19 Juni

Kwa Mwalimu wa Darasa, Saba B

Nimepokea barua yako ya jana yenye mistari mitatu. Sina budi kukuuliza mambo mawili, nawe utanijibu mbele ya bodi ya shule.

Ikiwa uliwapima wanafunzi hawa kama ulivyothibitisha, wamewezaje kubadilika ndani ya wiki mbili? Na ikiwa hukuwapima, kwa nini ulitia sahihi kwamba umewapima? Nilikuuliza kama umesoma. Ulisema umesoma. Nilikuuliza kama una la kuongeza. Ulisema iko sawa.

Usidhani nafurahia jambo hili. Shule yetu ikishuka tena mwaka huu itaunganishwa na nyingine na walimu kumi na wanane watatawanywa. Nilihitaji kujua nani yuko tayari na nani hayuko, na ingawa nilimtuma mwalimu wa hisabati awachuje kwanza, nilimtegemea mwalimu wa darasa awapime mwenyewe na aniambie ukweli.

Nimepitia pia madaftari ya darasa lako. Kuna wanafunzi ambao hawajaandika ukurasa mmoja kamili tangu Januari. Wanafunzi wako wanakupenda, Mwalimu, na wakiongea mtu anasimama kuwasikiliza. Lakini mtihani hauulizwi kwa mdomo. Wewe uliwaandaa kwa mtihani upi?

Bodi itakutana Ijumaa tarehe 27 Juni, saa nane mchana, chumba cha maktaba.

Mwalimu Mkuu

*

Jumamosi, 21 Juni

Dada,

Nakutumia barua ya Mwalimu Mkuu uisome mwenyewe. Mimi ilinichukua saa moja na robo, na nilipofika kwenye madaftari nilirudi nyuma nikaisoma tena nikidhani nimekosea. Sikukosea.

Mama yule ana haki. Si kwa orodha, bali kwa madaftari. Nilidhani namlinda Wakili. Kila alipoomba ruhusa ya chooni nilimpa, nikajiona mwalimu mwema. Nimechukua mtoto mwenye akili kuliko wote darasani nikamfundisha kitu kimoja ninachokijua vizuri, kujificha. Sikuwahi kukaa naye hata siku moja tukasoma mstari mmoja, kwa sababu ningelazimika kuusoma nami.

Ijumaa nitawaambia bodi kwamba nilitia sahihi bila kusoma, na kwa nini. Hakuna njia nyingine ambayo orodha ile itafutika kabla ya tarehe thelathini. Nimejaribu kuitafuta, hakuna.

Najua utakataa. Barua yako ya mwisho nimeiweka mbele yangu. "Kurudia mwaka si kufa." Mimi nilirudia mara mbili, dada, ulikuwapo. Niambie ukweli: ni kazi yangu unayoihofia, au unaona aibu watu wakijua una ndugu wa namna hii?

Mdogo wako

*

Jumatatu, 23 Juni

Mdogo wangu,

Barua hii naipeleka mwenyewe kituoni, nimpe dereva wa basi mkononi, ikufikie kabla ya Ijumaa.

Sijawahi kukuonea aibu. Ninachokihofia ni hiki, na nilipaswa kukuambia kabla hujaota ndevu.

Ulipokuwa na miaka kumi na miwili nilikupeleka hospitali kubwa kupima macho. Daktari akasema macho mazima, akatutuma chumba cha pili kwa yule mama aliyekuwa anapima watoto. Ulikaa naye asubuhi nzima na picha na vipande vya mbao. Ulimpenda kwa sababu alikuwa hakemei. Mlipomaliza wewe ulikimbilia nje, mimi akanipa barua. Ilisema una ulemavu wa kusoma, wa kuzaliwa nao, unaotokana na jinsi ubongo unavyozipokea herufi. Ilisema si uvivu wala upungufu wa akili. Ilisema akili yako ni kali kuliko ya wenzako wa umri ule, na kwamba ukifundishwa kwa njia yake utasoma, ingawa polepole.

Mama alipoisikia aliketi chini. Akasema, "Hiyo karatasi ikionekana mtoto wangu watampeleka kwenye shule za mbali, na hapa nyumbani watamwita majina mpaka azeeke." Akanipa niifiche. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikaificha. Tukakuambia daktari amesema uongeze bidii.

Mama alipofariki ningeweza kukuambia. Lakini ulikuwa unaomba chuo. Fomu ile nilikujazia mimi, mezani kwangu ofisini. Kipengele cha tisa kiliuliza kama mwombaji ana ulemavu wowote wa kuona, kusikia au kusoma. Niliandika "Hana", nikagonga muhuri wa ofisi kuthibitisha. Nikakugeuzia, nikakuonyesha mahali pa sahihi, nikakwambia iko sawa. Wewe hukuuliza. Kwa hiyo karatasi ya kwanza uliyotia sahihi bila kuisoma ni yangu, na kalamu nilikupa mimi.

Ukisema Ijumaa, watafungua faili, wataiona fomu. Wewe utaitwa mwongo kwa neno ambalo hukuliandika, na mimi ninaweza kupoteza kazi. Nimeogopa kwa ajili yako na kwa ajili yangu, na sitaki kupima hofu ipi ilikuwa kubwa.

Barua ya yule mama wa hospitali nimeiweka humu ndani. Ni ile ile, imekunjwa mara nne. Ifanyie unachotaka.

Dada yako

*

Jumatano, 2 Julai

Mdogo wangu,

Ijumaa imepita. Sijui ulisema nini, sijui kama una kazi. Dereva ananiapia kwamba alikupa bahasha mkononi. Niandikie hata neno moja, hata lenye makosa.

Dada yako

*

Jumatatu, 7 Julai

Mdogo wangu,

Bado kimya. Nimekosa usingizi nikifikiria kwamba wamekubana peke yako kwa ajili ya fomu ile na wewe umekataa kunitaja. Leo asubuhi nimeingia kwa mkuu wangu wa ofisi nikamweleza kila kitu: kipengele cha tisa, muhuri, hospitali. Nimemwachia kwa maandishi. Alinisikiliza kalamu ikiwa hewani, hakuandika kitu. Amesema nisubiri.

Sasa hakuna tena cha kunificha. Nijibu.

Dada yako

*

Jumamosi, 12 Julai

Dada,

Shikamoo.

Bahasha yako ilifika Jumatano. Nilisoma barua yako usiku huo, ile ya hospitali sikuigusa mpaka Alhamisi. Halafu sikuweza kukuandikia. Miaka ishirini na miwili kila asubuhi nikinawa uso naliona jinga moja kwenye kioo, na wewe una karatasi sandukuni inayosema si kweli. Nilianza barua nne. Zote zilikuwa za matusi. Nimezichana kwa sababu hata matusi nilikosea kuyaandika.

Ijumaa nilikwenda. Wajumbe kumi na mmoja, wazazi wa wale tisa wamepangwa ukutani kwenye viti vya watoto. Mwenyekiti akanipa nafasi. Nilikuwa nimejiandalia maneno na yote yakayeyuka. Nikaomba nipewe orodha yenyewe. Nikasema, "Karatasi hii ina sahihi yangu. Naomba kuisoma sasa, kwa mara ya kwanza."

Nikasoma, dada. Kwa sauti, na kidole. Ukurasa wa kwanza peke yake ulichukua dakika kumi na moja, niliambiwa baadaye. Kuna neno "kuthibitisha" nililirudia mara tatu na bado likatoka vibaya. Mjumbe mmoja akacheka. Mwingine akasema, "Jamani, huu ni mchezo gani?" Mama yake Wakili hakugeuza hata shingo. "Mwacheni amalize," akasema. Wakaniacha. Jasho lilidondoka juu ya karatasi, nikalifuta kwa mkono wa shati, nikaendelea. Nilipofika kwenye majina tisa nikaacha kutazama karatasi, maana majina hayo ninayo.

Mwalimu Mkuu alivua miwani. "Kwa hiyo siku ile uliponiambia umesoma..."

"Nilihesabu mpaka arobaini mara mbili, Mwalimu Mkuu."

Kisha mwalimu wa hisabati akasimama kabla hajaulizwa. "Aliyewapima ni mimi. Kwenye korido, dakika mbili kila mtoto, wenzao wakipita." Akaniambia mimi, siyo wao, "Nilihisi tangu kile kikao. Ningekuuliza." Akaketi.

Niliwaambia pia kuhusu madaftari, kwamba hilo ni kosa langu peke yangu. Mwenyekiti aliuliza ninaugua nini. Barua ya hospitali ilikuwa mfukoni mwangu. Sikuitoa. Wangeipitisha mkono kwa mkono, wangeuliza ilikuwa wapi miaka yote hiyo, na tungeishia kwako. Nikasema tu, "Nasoma polepole tangu utotoni." Fomu ya chuo haikutajwa. Hakuna aliyeiuliza.

Kwa hiyo waza nilivyojisikia barua yako ya tarehe saba iliponifikia. Ungengoja siku tano tu. Hapana, siyo ungengoja. Ningeandika. Nilikunyima mistari miwili kwa hasira, na wewe ukaenda ukajifunga kamba mwenyewe ukidhani unanifungua mimi.

Yaliyotokea ni haya. Orodha imefutwa. Watoto walipimwa upya Jumamosi na Jumapili na walimu wawili kutoka nje, nusu saa kila mmoja, wameketi. Saba wameandikishwa, Wakili yumo. Wawili watarudia, wazazi wao wamekubali. Mwalimu Mkuu aliendesha gari mwenyewe Jumatatu asubuhi kupeleka orodha mpya. Mimi nimevuliwa ualimu wa darasa. Historia nafundisha bado mpaka kamati ya nidhamu ya walimu ikae mwezi wa nane, na sasa fomu itakuwa mezani kwao, kwa sababu maelezo uliyomwachia mkuu wako lazima yawafikie. Nitawapa barua ya hospitali. Nitawaambia kipengele cha tisa nilikitia sahihi bila kukisoma, na watacheka au hawatacheka.

Hasira bado ninayo, sikufichi. Lakini niandikie mkuu wako amesema nini. Niandikie siku hiyo hiyo.

Mdogo wako

*

Jumapili, 20 Julai

Mwalimu,

Mama amesema nikushukuru. Nakushukuru. Hiyo ni ya mama.

Yangu mimi ni hii. Nimeandika mwenyewe, siku tatu. Ulijua. Toka darasa la sita ulijua nina kitu gani kwa sababu unacho. Mimi nilikuwa nafikiri niko peke yangu duniani. Nilikuwa nalala nafikiri kichwa changu kimeharidika. Ukanipa ruhusa ya chooni. Nilikuwa nasimama pale nasoma maandishi ya ukutani, silabi moja moja, na wewe uko darasani unafundisha. Ungeniambia siku moja tu, hata kwa sauti ndogo.

Mtihani ni mwezi wa kumi na moja. Dado siwezi kuandika ukurasa. Wenzangu wananipa pole. Sitaki pole.

Wakili

*

Jumatano, 23 Julai

Kwa Wakili,

Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sauti na mara moja kimya. Sina utetezi. Kila ulichosema ndivyo kilivyokuwa.

Nilikunyamazia kwa sababu ningesema "wewe unacho" ningelazimika kusema "hata mimi". Nilijiambia nakuhurumia. Nakuomba radhi, siyo kama mwalimu anavyomwomba mwanafunzi, bali kama mtu anavyomwomba mtu.

Kichwa chako hakijaharibika. Ninayo karatasi ya mtaalamu inayosema hivyo kuhusu kichwa cha namna yetu. Nitakuonyesha, na utaisoma mwenyewe, hata ikichukua wiki. Mtu fulani aliificha nisiione, kwa kunipenda, miaka ishirini na miwili. Nilipoipata nilimnunia nikamnyima majibu zaidi ya wiki mbili. Wewe una haki ya kuninunia hivyo hivyo, lakini ulichukua kalamu siku tatu ukaniambia usoni. Umenizidi.

Mimi si mtaalamu. Sijui njia ya mkato, na sijui kama mwezi wa tisa nitakuwa bado nipo shuleni hapa. Mwalimu wa hisabati amekubali kukaa nasi, na ameazima kitabu cha kufundishia watoto kama sisi. Mwalimu Mkuu ametupa ufunguo wa maktaba. Amesema kila siku nimpelekee ukurasa mmoja ulioandika wewe na mmoja nilioandika mimi, na kalamu yake nyekundu haina upendeleo.

Tutaanza Jumatatu, kengele ya mwisho ikishalia. Chooni pitia kabisa kabla hujaja, kwa sababu ukishaingia sitoi ruhusa. Njoo na kitabu unachokichukia kuliko vyote. Mimi nitakuja na changu.

Mwalimu wako